Zabibu Apate Wenzake

Al Muraqqabat, Deira, Dubai
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Bi Fridah,

Baada ya salamu na kukutakia kila la heri, hunijui nami sikujui. Jina langu Ummi. Aidarus, mtoto wa marehemu dada yangu, ndiye yule kijana anayeleta mataulo ya dobi hapo kliniki yenu ya wanyama Silicon Oasis. Kaniambia yupo Mkenya hapo, mtu mzuri, anafuga panya chumbani kwake kwa hiari yake mwenyewe. Nilimwambia aache mzaha. Akaapa. Basi nimekaa kitako nakuandikia, kwani herufi za simu siku hizi sizioni, na sauti za kurekodi zinanitia haya, najisikia kama nahutubia.

Nnaye panya. Usicheke. Au cheka kwanza, kisha endelea kusoma.

Si wangu. Ni wa mjukuu wangu Huda, niliyemlea mie tangu mama yake alipoolewa tena Maskati. Baba yake, mwanangu Raed, kazi yake Abu Dhabi na huonekana sikukuu kwa sikukuu. Mwaka juzi huyu mtoto akaingia na tundu lenye panya watatu majike, kawapa majina Lozi, Tende na Zabibu. Mie panya namjua wa kutegwa! Wazee wangu walitoka Unguja na mengi, lakini hawakutoka na panya. Nikafoka, nikasusa kula, mwisho nikanyamaza, maana mtoto alikuwa akicheka nao namna ambayo sikuwa nimemsikia akicheka zamani.

Septemba Huda kaenda Uingereza kusoma, kaniachia amana yake. Nimewatunza. Chakula chao, maji yao, tundu nalisafisha mwenyewe. Nyumba yangu safi, Bi Fridah. Kila Ijumaa, na kila akija mgeni, naifukiza udi hadi uvunguni, mtu hawezi kujua kama mna mnyama. Lakini Novemba Tende akashikwa na mafua, akafa. Mwaka mpya haujatimia wiki, Lozi naye. Sasa Zabibu kabaki peke yake. Halali tena kwenye kitanda chao cha kuning'inia, kajikunyata ndani ya soksi ya Huda pembeni. Nikimpa tende anaipokea, anaishika, kisha anaiweka chini. Nikipita ananitazama. Nnakwambia, naona haya mbele ya panya.

Aidarus anasema panya hawezi kuishi peke yake. Wewe unao wenzake. Je, unaweza kumpokea?

Mimi,
Ummi


Dubai Silicon Oasis
Jumatano, 15 Januari 2025

Bi Ummi,

Shikamoo. Hilo neno tulifundishwa shuleni lakini kwetu Nkubu hatulitumii, kwa hivyo kama nimelitumia vibaya nisamehe. Barua ya mwisho niliandika nikiwa boarding, kumwomba baba sabuni. Aidarus aliponiletea bahasha yako, wenzangu kazini walidhani nimepata mchumba mzee.

Nilicheka, ndiyo, halafu nikaendelea kusoma kama ulivyoniambia. Usione haya. Mimi pia panya niliwajua kama wezi wa mahindi ya stoo. Hapa kliniki nilianza na kuosha vizimba tu, ndipo familia moja ikahama for good na ikaacha panya wao watatu mlangoni kama mzigo uliozidi kilo. Daktari alikuwa anatafuta pa kuwapeleka. Nikasema nitawashika wikendi moja. Hiyo wikendi inaenda mwaka wa pili. Wanaitwa Chapati, Githeri na Madam. Madam ni yule anayekula kwanza na kulala katikati. Betty, tunayeishi naye chumba kimoja, aliapa atahama. Sasa akitoka shift anaingia akiuliza, "Watoto wamekula?"

Aidarus amekwambia ukweli. Panya akibaki mmoja anaweza kula na kulala, lakini anaishi nusu. Wewe umpende vipi, huwezi kulala juu yake wala kumchana masikio kwa meno. Mlete. Tutamfanyia transfer kama mfanyakazi anayebadili mwajiri, na wewe ukiwa kafeel wake, mdhamini, utuandikie release yenye maneno mazuri.

Lakini nina maswali mawili na naomba usikasirike. La kwanza, hayo mafua: Zabibu naye anapiga chafya? Anapumua na mlio? Nauliza kwa sababu ya hawa wangu. La pili, Huda anajua?

Wako,
Fridah Kanana


Al Muraqqabat
Jumapili, 19 Januari 2025

Mwanangu Fridah,

Shikamoo yako imefika na marahaba. Mwenye kumwamkia mtu mzima hakosei.

Zabibu huyo hapo kwenye kikapu, Aidarus anakuletea. Nimemwekea soksi yake na kipande cha kanga. Chafya anapiga, sitaki kukudanganya, lakini ni mafua ya AC tu, hayo yaliyomo kila nyumba ya Dubai. Mie mwenyewe kifua hunibana, na Huda alikuwa akikohoa miaka nenda miaka rudi. Alipofika Uingereza akapona, nikasema alhamdulillahi, hewa ya bustani hiyo.

Swali lako la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Huda hajui. Si hili la kukuletea Zabibu tu. Hajui kama Tende kafa, hajui kama Lozi kafa. Alipopiga simu Novemba alikuwa na mitihani, nikasema ngoja amalize. Akamaliza, nikasema ngoja apumzike. Kila akiuliza "Wangu hawajambo?" nasema hawajambo, na nikishasema mara moja ya pili huja yenyewe. Akitaka picha namtumia za zamani. Mwanamke wa umri wangu, Fridah, nimekaa sebuleni nachagua picha za kumdanganya mtoto!

Usinihukumu, au nihukumu taratibu.

Asubuhi hii nilipomtia kikapuni alinishika kidole kwa mikono yake yote miwili. Nilidhani ataniuma. Hakuniuma. Nikamwambia, nenda kwa wenzako, mie sikukuweza.

Mimi,
Ummi


Silicon Oasis
Jumapili, 2 Februari 2025

Bi Ummi,

Shikamoo. Najua umengoja. Wiki mbili za kwanza nilimweka peke yake katika bafu la wageni la kliniki, daktari aliniruhusu, maana panya mgeni haingizwi tu kwa wenyeji kama mpangaji mpya. Alikuwa akitetemeka. Nilikuwa nakaa naye nikila lunch, namwambia habari za kwetu kwa Kimeru. Hakulalamika.

Jana tumewakutanisha. Unafanya hivi: unawaweka mahali ambapo si kwa mtu, ndani ya beseni la kuogea, halafu unawapaka mtindi mgongoni, wote. Kila mmoja anakuwa na kazi ya kumlamba mwenzake, wanasahau kugombana. Madam alimpindua Zabibu chali mara mbili ili ajue nani arbab, nani bosi hapa. Betty akapiga kelele, "Mtoe, anaua mtoto wa watu!" Nikamwambia angoje. Zabibu akalala chali tu, akakubali. Kisha Chapati akaja akaanza kumlamba shingo, na Zabibu akafumba macho. Bi Ummi, alifumba macho akabaki hivyo muda mrefu. Betty alilia. Mimi sikulia, niliosha beseni.

Leo asubuhi nimewakuta wanne wamelala kama nguo zilizotupwa kitandani, sikuweza kujua mkia huu ni wa nani.

Anakula. Chafya zimepungua sana, karibu hazipo. Soksi ile ilikuwa inanukia udi mpaka Betty akaiomba iwe yake. Nimeifua.

Kuna jambo lingine nilitaka kuandika lakini nitaandika siku nyingine, leo ni siku ya furaha.

Wako,
Fridah


Al Muraqqabat
Jumapili, 16 Februari 2025

Mwanangu Fridah,

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa mikunjo. Nimemsomea na Aidarus, akajifanya kitu kimemwingia jichoni. Mwenyezi Mungu akulipe. Kifua changu kimepata nafasi.

Sasa nakuja na ombi, na najua si ombi zuri. Huda anakuja Idi. Kapata likizo, tiketi keshakata, atakaa wiki nzima. Nimefikiri sana. Wewe uko kliniki, unawaona watu na wanyama wao. Nitafutie majike wawili: mmoja mweupe mwenye kichwa cha hudhurungi, kama Tende, na mwingine wa rangi ya lozi iliyomenywa. Si lazima wafanane sana. Amekaa mbali miezi, na panya hukua, wanabadilika. Zabibu nitamwazima kwako kwa wiki hiyo moja, kisha nitasema wamezoea kwako, watatu wote warudi huko. Mtoto ataondoka moyo mweupe.

Nyumba naitayarisha tangu sasa. Ramadhani imekaribia, wageni wa futari watakuwa kila siku, na tundu la panya lina harufu yake. Basi nimenunua udi mpya, nimeuchanganya mwenyewe kwa mawaridi na sukari kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Tundu nitaliweka ukumbini, karibu na chetezo, pale moshi unapokaa vizuri. Watanukia hao panya kuliko maharusi!

Na hilo jambo lako uliloliacha, liandike. Mie si mtu wa kuogopwa.

Mimi,
Ummi


Silicon Oasis
Jumapili, 23 Februari 2025

Bi Ummi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi. Betty amesema nikiichana tena ataiandika yeye, na Betty hana mdomo mzuri, kwa hivyo niache niiandike mimi.

Panya wawili unaowataka nimewapata. Wako hapa kliniki, mmoja kichwa cha hudhurungi kabisa. Siwezi kukuletea.

Ni udi, Bi Ummi. Ni moshi.

Siku ile Aidarus alipomleta Zabibu nilimsikia akipumua kwa mlio, nikampeleka kwa daktari. Daktari alinusa kanga yako, akaniuliza kama mwenye panya anavuta sigara. Nikasema hapana, ni mama mzee wa watu wa Zanzibar, anafukiza nyumba. Akanionyesha picha ya mapafu ya panya, ni kitu kidogo kama njugu. Wanazaliwa na vijidudu vya kifua, vinakaa tu vimelala, ukiwapa moshi vinaamka. Wewe ukiona haupo kwenye hewa, kwao bado upo, umeshika kwenye kitambaa, kwenye tundu. Hakuna dawa aliyopewa Zabibu. Amepata nafuu kwa kutoka nyumbani kwako.

Nimejua hivyo tangu Januari. Nimekaa nayo. Nilijiambia Tende na Lozi wameshakufa, kumwambia mama wa watu kutawafufua? Nilijiambia wewe ni mtu mzima na mtu mzima hasahihishwi na mtoto. Lakini ukweli ni kwamba nimekaa nchi hii miaka sita nikisema yes madam, sorry madam, hakuna shida madam. Madam akiwa amevaa nguo ndani nje, unamfungulia mlango unamtakia siku njema. Nimezoea. Nikakufanya wewe madam. Na wewe hukunifanyia kitu ila kuniita mwanangu.

Kama usingeniambia habari ya chetezo na tundu ukumbini, pengine ningenyamaza mpaka leo. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuletea hao wawili na wangekufa.

Na hata kama si moshi, nisingependa kumdanganya Huda. Nisamehe kwa yote mawili.

Fridah


Silicon Oasis
Jumapili, 16 Machi 2025

Bi Ummi,

Shikamoo na Ramadhani njema.

Hujajibu. Aidarus analeta mataulo, anaangalia chini, anasema, "Khalti anasalimia," yaani wewe, mama yake mdogo, na mimi najua hukusema hivyo. Nilimuuliza kama unaumwa akasema haumwi. Nilimuuliza kama umekasirika akasema, "Yalla, nimeacha gari barabarani."

Sikuandika ili ujione muuaji. Wewe uliwasafishia, ukawalisha, ukawafukizia kama unavyowafukizia wageni wako wa heshima. Mtu anayechukia hafanyi hivyo.

Zabibu amenenepa. Madam anamwachia sasa alale katikati.

Ukitaka nisiandike tena nitaelewa.

Fridah


Al Muraqqabat
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwanangu Fridah,

Idi imepita. Nimechelewa kukujibu, si kwa hasira. Hasira nilikuwa nayo siku moja ya kwanza tu, nikasema huyu mtoto wa Kikenya na daktari wake wanajua nini udi. Siku ya pili nikaingia chumbani kwa Huda kutafuta shuka. Nyuma ya mlango nikaliona taulo limekunjwa refu refu, lile ambalo alikuwa akiliziba chini ya mlango kila Ijumaa. Karibu miaka miwili namwona akilibana pale. Nikidhani anaziba harufu ya panya wake isitoke, isije ikaniaibisha kwa wageni. Nikawa nikimsifu moyoni, mtoto ana adabu. Alipoondoka tu nikalitoa, nikafungua mlango wazi, nikasema sasa chumba hiki nacho kipate harufu nzuri.

Nilikaa kitandani kwake na lile taulo mpaka adhana ya magharibi ikanikuta pale. Fridah, hakuwa akiziba harufu isitoke. Alikuwa akiziba moshi usiingie.

Nikashindwa kukuandikia. Ningekuandikia nini? Ramadhani yote sikufukiza. Wageni wakauliza, nikasema kifua.

Huda kaja. Nilitaka kumwambia uwanja wa ndege, sikuweza. Nilitaka kumwambia kwenye futari, Raed yupo. Siku ya Idi baada ya sala, baba yake kalala, nikamwita jikoni. Nikamwambia yote, Tende, Lozi, picha za zamani, udi. Nikamwambia nimewaua kwa mkono wangu nikidhani nawapamba.

Akasema, "Najua, Bibi."

Nikamwambia, "Unajua nini?"

"Najua kuhusu udi. Nilijua kabla sijaondoka."

"Na ukaniachia?"

Akaanza kulia. Akasema alitaka kunambia kila Ijumaa, na kila Ijumaa ananiona nimevaa, nimejitia wanja, nakwenda na chetezo chumba kwa chumba namtaja mama yangu, anashindwa. Akasema, "Nilifikiri labda watavumilia, Bibi. Nilifikiri labda nitarudi kabla." Na picha zile alizijua tangu ya kwanza. Novemba ile ile. Tende kwenye picha alikuwa na jeraha bichi la sikio, na jeraha hilo lilipona zamani, kabla Huda hajaondoka. Akajua, akanyamaza, akaniacha niseme hawajambo, hawajambo, mpaka leo.

Kikohozi chake nacho sikumuuliza. Hakukuwa na haja.

Sasa unaona, mwanangu. Wewe umejilaumu kwa wiki chache. Huyu niliyemlea kwa mikono yangu kaogopa kunambia neno moja hata akaona bora wanyama wake wafe. Nilikuwa nikijisifu kuwa katika nyumba yangu mtu hapati la kulalamika. Kumbe hakuna aliyethubutu! Hilo linaniuma kuliko panya. Mungu anisamehe kusema hivyo, kwani nao wameniuma.

Alipokuja kwako Alhamisi na Aidarus kumwona Zabibu, alirudi kavimba macho na mtindi kwenye mkono wa nguo. Akasema umempokea vizuri, na kwamba Zabibu alimpanda begani, akamnusa sikio, kisha akataka kurudi kwa wenzake, naye akamwachia. Ahsante. Jana karudi Uingereza.

Nakuomba kitu kimoja. Lolote litakalotokea huko, niambie siku hiyo hiyo. Usilipambe.

Mimi,
Ummi


Silicon Oasis
Jumatano, 14 Mei 2025

Bi Ummi,

Zabibu amekufa leo asubuhi. Nakuandikia kabla sijavua sare. Aidarus nimemshika mlangoni, anangoja.

Hakuwa anapumua vibaya. Alikuwa mzee, daktari anasema miaka miwili na nusu kwa panya ni umri. Tangu wiki iliyopita miguu ya nyuma ilikuwa inamkataa, nikawa nampa uji wa simsim kwa kidole. Hilo sikukuandikia, nilidhani litapita. Nimelipamba tena, naona. Nisamehe, bado najifunza.

Nilipoamka nilimkuta katikati, na wale watatu wamemzunguka, Chapati amemwekea kichwa mgongoni. Nilifikiri wamelala wote. Nilipomgusa alikuwa wa baridi upande wa juu, na wa moto upande walipokuwa wamemlalia. Nilimwacha kidogo ili wamnuse, inasaidia wajue. Githeri alijaribu kumvuta arudi kitandani.

Nimemzika nyuma ya kliniki, kwenye kijibustani cha wagonjwa wanaosubiri. Sikujua sala ya kusema, nikasema Baba Yetu.

Unaweza kumwambia Huda au nimwambie mimi?

Fridah


Al Muraqqabat
Jumapili, 18 Mei 2025

Mwanangu Fridah,

Baba Yetu inatosha. Ahsante kwa kunambia kabla hujavua sare.

Huda nimemwambia mie. Aidarus kaleta barua yako adhuhuri, nimeisoma nimesimama, nikapiga simu hapo hapo, sikungoja amalize masomo wala mie nimalize kulia. Nikasema, "Zabibu kafa, alikuwa mzee, alikuwa na wenzake." Akalia, nami nikalia, tukalia pamoja bila ya mtu kumnyamazisha mwenzake. Sikumbuki kama tumewahi kufanya hivyo.

Tuliponyamaza nikamuuliza jambo ambalo limekaa rohoni mwangu tangu Idi. Nikasema, "Huda, kuna jingine umenificha?"

Nikasikia gari linapita huko kwao. Kisha akasema, "Lipo, Bibi."

Nikavuta kiti.

Amepata kazi kule, ataianza akimaliza masomo mwaka ujao. Hataki kurudi kukaa Dubai. Atakuja kunitazama, anasema, atakuja kila Idi, lakini kukaa hataki. Kaijua habari hiyo tangu Februari. Kaja Idi nzima na neno hilo mdomoni, tumepika pamoja, tumelala kitanda kimoja, akarudi nalo.

Fridah, yalinijia maneno mengi. Nilitaka kumwambia nani atanizika. Nilitaka kumwambia nimekulea mie, na hii nyumba ya vyumba vitatu nakaa na nani. Wallahi yalifika mpaka kwenye meno. Nikayaona yote ni moshi tu, nikiyatoa atavumilia tena, atafunga mlango tena, na mie nitakaa nje nikimsifu adabu yake.

Nikamwambia, "Kaa, mwanangu. Kaa huko unakopumua." Kisha nikamwambia kwamba nimeumia, kwa sababu tumekubaliana kutofichana, na kwamba kuumia si kumkataza. Akasema, "Najua, Bibi." Safari hii nilifurahi kulisikia.

Raed anasema nihamie kwake Abu Dhabi. Mkewe hanitaki na mie simtaki, basi hilo limekwisha. Aidarus anasema atakuwa akilala hapa siku mbili tatu. Mtoto mwema, lakini akila anatazama simu.

Jana, Jumamosi, tangu alfajiri hadi usiku sikusema na mtu. Niligundua nilipotaka kumjibu muuza maji na sauti ikanikwama.

Basi nakwambia bila ya kulipamba. Sitaki kukaa peke yangu Jumapili ijayo. Wewe huna kazi siku hiyo, na hao panya watatu nao wamefiwa. Sitajitia udi, nguo nimezifua mara mbili, nimezianika roshani. Niandikie unatoka kanisani saa ngapi, nije.

Mimi,
Ummi